Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Saini

Butembo, Kivu ya Kaskazini

Kwa Mheshimiwa Sana, Mkubwa wetu, mwenye saini inayofungua na kufunga milango ya vyuo,
Kinshasa.

Kuhusu: Ombi la masomo ya kutunza wanamichezo, pamoja na staji zake, katika miji ya Butembo na Beni, na ombi jingine dogo mwishoni.

Mheshimiwa Mkubwa, Baba wa vijana, Mlezi wa elimu, Nguzo ya michezo ya taifa,

Mbele ya yote nakusalimu kwa heshima zote zinazostahili cheo chako, na heshima zinazobaki naziweka akiba kwa cheo utakachopewa baada ya hiki. Namsalimu Mama wa nyumbani, nawasalimu watoto, mkurugenzi wa ofisi yako, naibu wake, katibu wako na naibu wa katibu. Kwa kuwa saa za Kinshasa ziko nyuma ya saa zetu kwa saa moja, nimeandika mapema asubuhi, ili barua yangu isije ikakukuta umechoka kwa kazi za taifa.

Naomba ruhusa ya kujitambulisha. Mimi ni mtu wa ndoo. Katika timu ya mtaa wetu hapa Butembo, mchezaji akianguka na refa akaniashiria kwa mkono, ninayeingia mbio ni mimi. Nina ndoo ya maji, sponji, barafu niliyonunua kwa mama anayeuza juisi, na bendeji inayofuliwa Jumatatu ili ifae tena Jumapili. Kazi yangu haimo katika orodha yoyote ya serikali. Sina mshahara wa kukudai wala cheo cha kukuonyesha, na ndiyo maana naweza kuzungumza nawe kwa unyenyekevu ulio kamili.

Nianze na shukrani, kwa maana mtoto aliyelelewa vyema hushukuru kabla ya kuomba.

Nakushukuru, Mheshimiwa, kwa ajili ya faili letu. Walimu wachache wa hapa, madaktari na wataalamu wa kinesiterapia ambao sisi huwaita kine, waliketi wakaandika mpango wa masomo ya kutunza wanamichezo, wenye kozi, krediti na staji, yaani mafunzo ya vitendo kazini, kama mfumo wa vyuo vikuu wa LMD unavyotaka. Faili hilo lilipokelewa katika ofisi moja ambayo kwa adabu siitaji. Lilipigwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri ulikuwa mzuri, umesomeka hadi herufi ya mwisho. Tangu hapo, kila tunapouliza, tunajibiwa kwamba faili linafuatiliwa. Nashukuru kwa dhati. Faili lililokataliwa huvunja moyo. Letu halijakataliwa, halijajibiwa, halijapotea. Linafuatiliwa, na kitu kinachofuatiliwa bila shaka kinakwenda mahali.

Inawezekana, kwa wingi wa kazi zako, hukupata nafasi ya kulifungua. Sikulaumu hata kidogo. Niruhusu nikueleze kilichomo, ili usisumbuke kukata kamba yake.

Tunaomba vijana wetu wafundishwe kazi ya mtu anayesimama kando ya uwanja. Huyo si daktari wa hospitali, na si kocha. Ni yule anayemjua mchezaji kabla hajaumia, anayefika wa kwanza anapoumia, na anayebaki naye hadi arudi mchezoni. Darasani atasoma mifupa na misuli, moyo na mapafu, jinsi mwili unavyosogea na jinsi unavyopona, chakula cha mwanamichezo, huduma ya kwanza, na namna ya kuandika ripoti ambayo daktari ataielewa. Lakini Mheshimiwa, mwenye elimu kubwa kama wewe anajua kwamba kazi hii haiishii katika silabusi. Inakaa mikononi, na mikono haifundishwi kwa kunakili ubaoni. Ndiyo maana nusu ya faili ni staji: hospitalini, kiliniki na uwanjani, mwanafunzi akiwa chini ya jicho la msimamizi anayemwachia kazi kidogo kidogo, hadi siku anayoweza kuifanya peke yake.

Nitoe mfano mmoja, kwa kuwa najua Mheshimiwa hapendi maneno matupu. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni fupi za kupima kifundo cha mguu kilichoteguka. Mwanafunzi anapiga magoti mbele ya mchezaji. Anabonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa nundu mbili za kifundo, ya ndani na ya nje. Anashuka kwenye unyayo, anabonyeza mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje, kisha ule wa upande wa ndani. Halafu anamwomba mchezaji asimame na kutembea hatua nne. Mifupa ile isipouma ilipobonyezwa, na hatua nne zikitimia hata kwa kuchechemea, kwa kawaida hakuna haja ya picha ya mfupa. Kidole na hatua nne, Mheshimiwa, vinaamua kama mzazi atauza kuku ili alipie picha, au kama kijana atarudi nyumbani na barafu na bendeji. Kanuni yenyewe inasomwa kwa dakika tano. Kujua pa kubonyeza, na kwa nguvu kiasi gani, kunahitaji vifundo vingi na mwalimu aliye karibu. Vifundo tunavyo. Walimu tunao. Kinachokosekana ni karatasi inayosema kwamba wanaruhusiwa kukutana.

Nakushukuru pia, Mheshimiwa, kwa michezo mikubwa uliyotuletea nchini. Kuanzia tarehe 28 Julai hadi tarehe 6 Agosti 2023 Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie, ya tisa tangu ianzishwe, na sisi huku tulisikiliza redioni kwa fahari. Wanariadha wa mataifa mengi walikimbia, walipigana mieleka, walicheza mpira na mpira wa kikapu katika nchi yetu. Ilitutia moyo kujua kwamba Jamhuri inafahamu vizuri kabisa mahali pa kuegesha ambulansi wakati wa mechi. Ujuzi huo upo nchini. Haujapata tu usafiri wa kufika huku.

Huku kwetu usafiri ni pikipiki, na kwa hiyo pia naomba nishukuru, maana bila vijana wa pikipiki hatungekuwa na chochote. Mchezaji akivunjika, wanampandisha: dereva mbele, majeruhi katikati, rafiki nyuma akimkumbatia ili asianguke. Safari inaanza kwenye udongo mwekundu, na kila shimo linakitikisa kichwa cha majeruhi huku na huku. Kama aliyeumia ni mguu, anapiga kelele hadi hospitalini. Kama iliyoumia ni shingo, huenda asipige kelele, na hilo ndilo la kuogopesha. Aliyefunzwa asingemwinua. Angepiga magoti nyuma ya kichwa chake, angekishika kwa mikono miwili, vidole vikiwa chini ya taya, na asingekiachia hata kama mama wa mchezaji na mwenyekiti wa timu wanamfokea pamoja. Wenzake wangejipanga ubavuni, mmoja tu angehesabu, na wote wangemgeuza mara moja na kumweka juu ya ubao. Kujua kushika hivyo kunahitaji mazoezi mengi juu ya mtu mzima asiyeumwa, tena na tena, hadi mikono ikumbuke hata pale akili inapoingiwa na hofu. Mazoezi hayo hayahitaji umeme. Yanahitaji saa katika ratiba, na ratiba inahitaji saini yako.

Mheshimiwa ni mtu wa Kinshasa, na bila shaka unamkumbuka Fabrice Muamba, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1988. Tarehe 17 Machi 2012 alikuwa London, akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham, alipoanguka bila kuguswa na mtu. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Watabibu waliokuwa kando ya uwanja walimfikia papo hapo, wakamkandamiza kifua, wakatumia mashine ya kuushtua moyo. Daktari mmoja wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji aliteremka kwenda kusaidia. Muamba yuko hai. Unamkumbuka pia Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 katika nusu fainali ya Kombe la Mabara, akafariki akiwa na miaka 28. Moyo haumchagui mwenye jina kubwa. Unaweza kusimama Lyon, unaweza kusimama London, unaweza kusimama katika uwanja wa Matokeo hapa Butembo. Tofauti ni nani anasimama kwenye mstari, na kama mikono yake imefundishwa. Katika uwanja wetu, Mheshimiwa, ningekuwa mimi. Na mimi nina sponji.

Sasa nikushukuru kwa jambo ambalo watu wa Butembo na Beni hawatalisahau, nalo ni jinsi serikali ilivyojali afya yetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, ikiwa imeanzia Mangina, si mbali na mji wa Beni. Hadi ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikufa. Serikali ilituhurumia kiasi kwamba katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ilituambia tusisumbuke kupiga kura, kwa sababu ya ugonjwa na ya usalama. Kura yetu ilihamishiwa Machi 2019, wakati Rais alikwisha kuapishwa tangu Januari. Hakuna miji mingine mingi duniani ambayo afya yake imewahi kulindwa kwa uangalifu wa namna hiyo.

Wakati huo huo tuliona jambo ambalo naomba uliweke kichwani unaposoma faili letu. Vijana wa hapa, waendesha pikipiki, walimu wa shule za msingi, wauza simu, walifundishwa kazi ambazo hawakuwahi kuziota: kuvaa na kuvua mavazi ya kinga bila kujigusa, kufuatilia waliokutana na wagonjwa nyumba kwa nyumba, kuzika kwa heshima na kwa usalama. Walijifunza kwa kufanya, mbele ya mtu aliyewasahihisha hapo hapo. Hiyo ndiyo staji tunayoiomba. Walifanya hivyo huku vituo vya Katwa na Butembo vikishambuliwa Februari 2019. Tarehe 19 Aprili mwaka huo, daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu hapa Butembo alipokuwa kazini. Mtu alitoka mbali kuja kutufundisha kujilinda, akafia kwetu. Sisi tulioachwa hatuna haki ya kusema kwamba kujifunza ni kugumu, na kwa unyenyekevu mkubwa naona kwamba asiyefikiwa na hatari ile hana haki ya kusema kwamba sisi hatufundishiki.

Nimesikia, Mheshimiwa, kwa njia ya watu wanaowafahamu watu, sababu za kucheleweshwa kwa saini. Sizipingi. Nazijibu tu, kama mtoto anavyomjibu mzazi: ameinamisha kichwa.

Sababu ya kwanza ni kwamba hatuna vyuo vinavyofaa. Ni kweli kwamba hatuna majengo kama ya kwenu. Tuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, ambacho kina kitivo cha tiba. Tuna Chuo Kikuu Rasmi cha Ruwenzori hapa hapa Butembo, na kule Beni kuna Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili. Watu wa huku wamezoea kujichangisha kwa barabara, kwa shule na kwa chuo, bila kumsumbua mkubwa yeyote. Tunachoomba safari hii hakigharimu hata mfuko mmoja wa saruji. Ni wino.

Sababu ya pili ni kwamba hatuna vifaa. Meza ya matibabu ni ubao, misumari na godoro jembamba, na mbao ni kitu ambacho hakuna anayekuja kutufundisha. Malori yanayozipeleka Uganda kupitia Kasindi yanalijua hilo. Kamba za kuvuta ili kurudisha nguvu ya misuli tunazikata kutoka mipira ya ndani ya baiskeli. Na lipo zoezi la kupasha mwili moto ambalo FIFA imelieneza, la dakika 20 hivi: kukimbia, kuruka, kusimama kwa mguu mmoja, kujizuia kwa ghafla. Utafiti umeonyesha kwamba timu zinazolifanya mara kwa mara hupunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Vifaa vyake ni mpira na mtu anayejua kusema, "Goti lako lisiingie ndani." Mtu huyo ndiye tunayetaka kumfundisha.

Sababu ya tatu ni kwamba hakuna mahitaji, kwa kuwa michezo ni starehe na nchi iko vitani. Sababu hii ndiyo inayonifanya nipige magoti kabisa, ili nikujibu kutoka chini. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa kwa mapanga na risasi mashambani na majumbani. Tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, serikali ya mkoa imehamia Beni, na wagonjwa waliokuwa wakipelekwa Goma hawana tena njia rahisi. Katika miji yetu wapo watu wengi waliokatwa kano za mkono, waliovunjwa mapaja kwa risasi au kwa ajali za pikipiki, na wanaojifunza upya kushika kijiko. Mikono inayomfundisha beki kukunja goti lake baada ya jeraha ndiyo mikono inayomfundisha mama kushika tena jembe. Kijana atakayesoma kutunza wanamichezo ataanza uwanjani Jumapili, na Jumatatu atakuwa wodini. Na kwa wengi wa vijana wetu, ule uwanja ndio mahali pekee ambapo kukimbia hakumaanishi kumkimbia mtu. Mheshimiwa akiita hiyo starehe, nami nitaiita hivyo, kwa kuwa sipendi kukupinga.

Sababu ya nne, ambayo imenigusa zaidi, ni kwamba kazi hii haijulikani. Nakubali. Huko Marekani pia haikujulikana. Waliokuwa wakiifanya waliunda chama chao cha taifa mwaka 1950 katika mji wa Kansas City, na ikawabidi wangoje hadi 1990 ndipo chama cha madaktari wa nchi hiyo kilipoitambua kuwa ni taaluma ya afya. Leo mwanafunzi anayeianza huko anaisomea kwa shahada ya pili, anafanya staji chini ya wasimamizi, kisha anakabili mtihani wa taifa kabla ya kumgusa mchezaji kwa jina lake mwenyewe. Miaka 40, Mheshimiwa! Kwa hiyo nakushukuru, kwa kuwa faili letu bado ni changa. Naomba tu uzingatie kwamba wachezaji wetu ni wachanga pia, na magoti yao hayangoji miaka 40.

Kwa sababu hizo zote, na kwa kuwa nina hakika kwamba mambo makubwa zaidi yanakungoja, nimeamua nisikuombe tena saini. Nimeona ni kukosa adabu kuurudia mlango ambao mwenyewe hajaufungua. Nimeleta ombi jingine, lililo jepesi zaidi, na ambalo halihitaji faili.

Nimetazama kwa makini, Mheshimiwa, jinsi wakubwa wanavyoitembelea miji yetu. Mkubwa akija, barabara inamwagiwa maji ili vumbi litulie. Magari yanafuatana. Katikati ya msafara kuna ambulansi yenye mafuta, na dereva wake hazimi injini. Ndani yake kuna daktari mwenye begi, na begi lina kila kitu ambacho mimi nimekisoma vitabuni tu. Mkubwa anakaa saa chache, haumii popote, na ambulansi inaondoka pamoja naye ikiwa haijafunguliwa. Hapo nikaelewa namna huduma inavyopangwa katika Jamhuri yetu: haimfuati aliyeumia, inakifuata cheo. Wala silalamiki. Nimejifunza tu kuutumia utaratibu uliopo.

Kwa heshima isiyo na kipimo, tunaomba usajiliwe katika timu yetu kama mchezaji wa akiba kwa msimu mzima ujao.

Hutahitaji kukimbia. Hutahitaji hata kuvua koti. Utaketi kwenye benchi letu kila Jumapili, na kwa ajili yako tutalitafutia benchi hilo mto na mwavuli. Ambulansi yako itaegeshwa karibu na bendera ya kona. Daktari wako, kwa kuwa hatakuwa na mgonjwa, atakubali bila shaka kuwa msimamizi wa staji: vijana wetu watasimama nyuma yake, wataona begi likifunguliwa, watashika kichwa na shingo ya kipa mbele ya macho yake, naye atawasahihisha na kuwasainia masaa yao. Hivyo tutapata hospitali ya kufundishia bila jengo, profesa bila mshahara, na staji bila agizo la serikali. Katika mechi za ugenini huko Beni tutasafiri pamoja, na kwa kuwa Mheshimiwa hasafiri bila walinzi, wachezaji wetu watapita barabara hiyo ya kilomita zaidi ya 50 wakiwa wametulia kwa mara ya kwanza. Wasafiri wengine wataomba kufuatana nasi, nasi hatutawakataza.

Kuhusu namba ya jezi, tumekutengea 23, na nyuma itaandikwa cheo chako badala ya jina, ili jezi isibadilishwe serikali inapobadilika. Kwa ajili ya leseni tunahitaji picha ndogo za pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kipimo cha kiatu chako, na cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba moyo wako umepimwa na unaweza kustahimili mchezo. Hicho cha mwisho wachezaji wetu hawana, kwa kuwa hakuna wa kuwapima. Utakuwa mchezaji pekee katika timu ambaye moyo wake unajulikana.

Na kama shughuli za taifa hazitakuruhusu kuja, tafadhali usihuzunike, wala usijisumbue kutuma barua ya kuomba radhi. Utume msafara peke yake. Utuletee ambulansi, daktari na begi lake, nawe ubaki Kinshasa kwa amani. Kutokuwepo kwako, Mheshimiwa, tumekwisha kukuzoea. Ambulansi ndiyo ambayo bado hatujaizoea, na tuko tayari kuanza mazoezi nayo Jumapili hii.

Pokea, Mheshimiwa Mkubwa, Baba wa vijana, Mlezi wa elimu, Nguzo ya michezo na mchezaji wetu wa akiba, heshima zangu za juu kabisa.

Haki, Amani, Kazi.

Mtumishi wako mnyenyekevu,
mtu wa ndoo, Butembo

Nakala kwa taarifa:
– Kapteni na wachezaji wote, waliokwisha kukupangia nafasi kwenye benchi;
– Chama cha waendesha pikipiki, ili wajue kwamba Jumapili wanaweza kupumzika;
– Seremala, kwa ajili ya ile meza;
– Daktari wa Mheshimiwa, ili aandae begi.